Mlimani au Sokoine? Kwa kijana wa Arusha anayechagua chuo kikuu cha serikali

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ikafungua dirisha la udahili, nyumba nyingi huku Arusha huingia kwenye mjadala uleule. Kijana alisoma tahasusi ya sayansi, amefaulu, na vyuo viwili vinatajwa mezani: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, UDSM, ambacho wengi tunakiita Mlimani, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kilichoko Morogoro. Mara nyingine Dodoma nayo inaingia. Baba anataka Mlimani kwa sababu ndicho chuo alichokisikia tangu utoto wake. Mama anauliza mtoto atalala wapi. Kijana mwenyewe anachungulia wenzake wamejaza wapi.

Nafundisha baiolojia na kemia sekondari mkoani hapa, na wanafunzi wangu wamekwenda kote huko. Kila mwaka naona watu wanalinganisha majina ya vyuo na kusahau kinachoamua zaidi: kuna nini nje ya mlango wa darasa. Mihadhara ya mwaka wa kwanza inafanana sana popote uendako. Kinachomfanya mtu atoke na ujuzi ni shamba, maabara, hospitali ya mifugo, mahakama, mgodi, kiwanda, na mji uliokizunguka chuo. Ndiyo maana hapa nalinganisha chuo pamoja na mji wake, na sitaficha upande ninaoelemea.

Vyuo vya tumbo moja

UDSM ndiyo mkubwa kwa umri. Ilianza tarehe 25 Oktoba 1961 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, ikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wachache waliosomea kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Mwaka 1963 ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na mwaka 1970 ikajitegemea.

Kilimo hakikuwekwa Dar. Kitivo chake kilianzishwa Morogoro mwaka 1969, kwenye ardhi, mito na mlima, na wanafunzi wake wakawa wanahesabiwa ni wa Dar huku wanaishi chini ya Uluguru. Mwaka 1984 kitivo hicho kikafanywa chuo kikuu kamili na kupewa jina la Edward Moringe Sokoine, mwana wa Monduli, aliyefariki kwa ajali ya gari pale Dakawa, mkoani Morogoro, tarehe 12 Aprili mwaka huohuo akiwa Waziri Mkuu.

Naanzia hapa kwa sababu huku kwetu bado wapo wanaosema SUA ni chuo cha waliokosa Mlimani. Si kweli, na haijawahi kuwa kweli. Ni tawi la Mlimani lililokua likawa mti wake lenyewe, na kwa baadhi ya fani Mlimani haina cha kukupa ambacho SUA hawana.

Mlimani: mji wote ni maabara, kama fani yako inaishi mjini

Kampasi ya Mlimani ni kubwa na imetulia kuliko mgeni anavyotarajia. Barabara za ndani zina miti, nyani wadogo wanavuka, na chini ya miti hiyo kuna vimbweta, zile meza na viti vya zege ambako wanafunzi husomea kwa makundi mpaka usiku. Ukumbi wa Nkrumah, ule uliochorwa kwenye noti ya zamani ya shilingi 500, upo hapo. Maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China ilizinduliwa Novemba 2018 na inakalisha watu 2,100 kwa wakati mmoja. Kwa mtu aliyetoka shule ambayo maktaba ni kabati moja ofisini kwa mwalimu wa taaluma, hilo si jambo dogo.

Nguvu ya Mlimani ni upana wake. Sheria, uhandisi wa kila aina, jiolojia, uchumi, takwimu, kompyuta, lugha, historia, vyote vipo, na wanaosoma hayo wanakutana kantini moja. Mwanafunzi wa uhandisi umeme anaweza kubishana na wa sayansi ya siasa kwenye kimbweta kimoja, na ubishi huo ni sehemu ya elimu. Hapo ndipo Walter Rodney alifundisha na Yoweri Museveni alisoma, na desturi ya mijadala ya hadhara imedumu.

Kisha ukitoka getini kuna jiji. Anayesoma uhasibu au fedha ana makao makuu ya benki. Anayesoma uhandisi ana viwanda vya Barabara ya Nyerere, bandari, kampuni za simu na miradi ya ujenzi isiyokwisha. Anayesoma sheria ana mahakama za ngazi zote na ofisi za mawakili zisizohesabika. Kwa fani hizo nisingemshauri mtoto wa mtu aende kwingine ikiwa amepata nafasi Mlimani.

Lakini ukija kwenye vitu vyenye uhai, mambo yanabadilika. Mlimani nako wanafundisha kilimo na uvuvi, na kwa mambo ya bahari wana Taasisi ya Sayansi za Bahari kule Zanzibar, ambayo ni hazina kwa anayependa samaki na matumbawe. Ila anayetaka ng'ombe, misitu, udongo, mbegu au wadudu waharibifu atagundua mapema kwamba jiji limeula uwanja wake.

Sokoine: shamba linaanzia mlangoni

Morogoro wenyewe wanaita mji wao "mji kasoro bahari", na ukifika utaelewa wanachojivunia. Kampasi kuu ya SUA, Kampasi ya Edward Moringe, iko nje kidogo ya mji, imeegemea safu ya Uluguru. Asubuhi wingu linashuka nusu ya mlima. Unatoka bweni, unapita mashamba ya chuo, mabanda ya mifugo, kitalu cha miche, ndipo unafika darasani. Unachofundishwa saa mbili unaweza kukishika saa nne.

Mfano ninaopenda kuwapa wanafunzi wangu ni wa panya. Tangu mwaka 2000, shirika la APOPO lenye asili ya Ubelgiji limekuwa likifanya kazi ndani ya SUA, likifundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kunusa vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Panya hufundishwa kwa mlio mdogo na chakula: akinusa harufu sahihi, mlio unalia, anapewa kipande cha ndizi au karanga. Kwa uzito wake mdogo anaweza kukanyaga juu ya bomu lisilipuke. Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi analimaliza kwa kama dakika 30, wakati mtu mwenye kifaa cha kutambua chuma anaweza kuchukua mpaka siku nne, kwa sababu kifaa kinapiga kelele kwenye kila msumari na kila kopo. Kwenye makohozi, panya mmoja anapitia sampuli 100 kwa kama dakika 20. Panya mmoja aliyezaliwa na kufundishwa Morogoro, Magawa, alipelekwa Kambodia, akagundua zaidi ya mabomu na vilipuzi 100, na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika la wanyama la PDSA la Uingereza, panya wa kwanza kuipata.

Sasa fikiria wewe ni kijana wa CBG (kemia, baiolojia na jiografia) kutoka Karatu, uliyekua unaona panya ni mwizi wa mahindi ghalani. Unafika mwaka wa kwanza na kuona watu wazima wenye shahada za uzamivu wanamvalisha panya mkanda mdogo na kumwongoza kwenye kamba ili aokoe miguu ya watoto wa nchi nyingine. Hilo linafungua kichwa kuliko mhadhara wowote kuhusu maana ya utafiti. Na ni utafiti uliofanyika hapa nchini, kwa mnyama wa hapa, na ukaenda kutumika duniani.

Orodha ya SUA ndiyo hiyo ya uhai: agronomia, bustani, misitu, wanyamapori, sayansi ya chakula, lishe, uhandisi wa kilimo, ufugaji wa samaki, uchumi na biashara ya kilimo. Anayetaka kuwa daktari wa mifugo, barabara yake inaelekea Morogoro. Ni miaka mitano, na hospitali ya wanyama iko palepale chuoni. Wafugaji wanaleta ng'ombe aliyekataa kula, watu wa mjini wanaleta mbwa, na mwanafunzi wa mwaka wa nne anaambiwa asimame mbele aseme anaona nini.

Kampasi ya pili, Solomon Mahlangu, iko Mazimbu. Pale ndipo ANC ya Afrika Kusini walijenga shule kwa ajili ya vijana waliokimbia baada ya maasi ya Soweto ya 1976, wakaipa jina la kijana aliyenyongwa na makaburu Aprili 1979. Mwaka 1992 walipojiandaa kurudi kwao walikabidhi majengo kwa Tanzania, na SUA wakayapata. Masomo ya sayansi za msingi, ualimu wa sayansi na teknolojia ya habari yanafundishwa huko. Makaburi ya wapigania uhuru yapo palepale kampasini. Nawaambia wanaopangiwa Mazimbu wasinung'unike kwamba wamewekwa mbali na kampasi kuu. Wamepewa mahali penye historia ambayo watu hupanda ndege kuja kuiona.

Neno la "bwana shamba tu"

Hapa lazima nikae kidogo, maana ndipo vijana wengi wanapopotezwa na wakubwa wao.

Mama mmoja wa Ngaramtoni alinifuata shuleni binti yake alipochaguliwa SUA na UDSM kwa pamoja. Akaniambia, "Mwalimu, nimeuza ng'ombe kumsomesha huyu. Sasa arudi hapa kuwa bwana shamba tu?" Nikamuuliza, "Mama, huyo ng'ombe uliyemuuza, alipougua ndigana ulimwita nani?" Akanyamaza kidogo, akasema walimwita kijana wa duka la dawa, na ndama mmoja alikufa hata hivyo. Nikamwambia, "Basi huyo aliyekosekana siku ile ndiye binti yako anataka kuwa."

Ukitazama mkoa wetu kwa macho ya mtu wa kilimo, utashangaa tumezungukwa na utajiri gani. Ardhi ya volkano ya Meru, kahawa, mboga na maua vinavyosafirishwa nje, mahindi ya mbegu, maharage, ngano ya juu kule Karatu na Monduli, ng'ombe wa maziwa majumbani, mifugo ya Wamaasai, watalii wanaokuja kwa ajili ya wanyama. Uchumi wa Arusha umesimama juu ya vitu vinavyoota na vinavyotembea. Halafu sisi wenyewe tunamwambia mtoto asisomee vitu hivyo. Sikubaliani nalo kabisa, na nitaendelea kulisema kwenye kila kikao cha wazazi.

Fildi: Morogoro inakurudisha nyumbani

Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni hili. Mwanafunzi wa SUA wa Arusha au Kilimanjaro ana nafasi nzuri sana ya kufanya mafunzo kwa vitendo jirani na kwao, kwa sababu taasisi za utafiti wa fani hizo ziko huku. TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, wana kituo cha Selian na kingine Tengeru. Kituo cha Kimataifa cha Mboga kiko Tengeru pia. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iko Ngaramtoni. Utafiti wa kahawa uko Lyamungo, upande wa Hai. TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, makao yao makuu ni Arusha. Na SUA wenyewe wana msitu wa mafunzo Olmotonyi, kwenye miteremko ya Meru, ambako wanafunzi wa misitu huja kupima miti, kukadiria ujazo wa mbao na kulala kambini kwenye baridi inayowashangaza waliotoka pwani. Mtoto wa mtaa wa Sakina hapa Arusha anakwenda kilomita 600 kusoma, kisha anarudishwa kusomea dakika chache kutoka kwao.

Mlimani nako kuna upande huu, ila kwa fani chache. Wa sheria wanayo Arusha yenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu na Mahakama ya Afrika Mashariki, na hakuna mji mwingine Afrika wenye zote mbili. Wa jiolojia wana Mirerani, tanzanaiti ikichimbwa karibu na uwanja wa ndege wa KIA. Wengine wengi fildi yao hubaki Dar, na fildi ya Dar maana yake ni kodi ya chumba Dar wakati wa likizo pia.

Kulala, kula na nauli

Bodi ya Mikopo inatoa fedha ya chakula na malazi, ile ambayo wanafunzi wanaiita bumu, kwa kiwango kimoja cha siku bila kujali uko mji gani. Hii ndiyo hesabu ambayo familia isiyo na kitu cha ziada inapaswa kuifanya kwa makini kuliko hesabu ya ada, kwa sababu ada za vyuo vya serikali kwa kozi zinazofanana hazipishani sana, lakini miji inapishana mno. Bumu lilelile linalomalizika wiki ya pili Sinza linaweza kumfikisha mwenzake wa Morogoro mwisho wa mwezi.

Mlimani wana mabweni ya zamani ndani ya kampasi, wana Mabibo, na wana hosteli za Magufuli zilizofunguliwa Aprili 2017 zenye nafasi 3,840. Pamoja na hayo yote vitanda havitoshi, na wanaobaki nje wanapanga geto Changanyikeni, Makongo, Msewe, Savei au Sinza. Mwenye nyumba wa Dar mara nyingi anataka miezi sita kwa mkupuo, na dalali anataka chake. Jitayarishe kwa hilo kabla ya kufika, si baada ya kushuka stendi ya Mbezi Luis na begi. Kuna joto pia. Januari na Februari mtoto aliyezoea kulala na blanketi mbili atahangaika. Hilo hupita baada ya muhula mmoja, lakini muhula huo ndio wenye mitihani inayowapa watu sapu, yaani mitihani ya marudio.

Morogoro nako kuna joto, kuna mbu, na malaria ipo. Anayetoka maeneo yetu ya juu mwili wake haujazoea, kwa hiyo chandarua ni lazima kote kuwili, na homa ya kwanza isisubiriwe ipite yenyewe. Kwa mengine Morogoro ni rahisi. Vyumba vya wanafunzi karibu na chuo vinapatikana, bodaboda na daladala ni safari fupi, na chakula ni kingi, kwa sababu mboga, karoti, njegere na matunda vinashuka kila siku kutoka Mgeta na vijiji vingine vya Uluguru. Mji unaishi na wanafunzi. Kuna SUA, Mzumbe iko njiani kuelekea Iringa, kuna Chuo Kikuu cha Waislamu. Mama lishe anajua ratiba ya mitihani.

Kasoro ya Morogoro ni kwamba mji wenyewe hauna ajira nyingi za pembeni. Mwanafunzi wa Dar anaweza kupata kazi ya jioni, tuisheni, kubuni tovuti, kuuza nguo mtandaoni na kupeleka mzigo siku hiyohiyo. Morogoro uwanja huo ni mdogo. Treni ya SGR, iliyoanza safari za Dar na Morogoro mwaka 2024, imeusogeza mji kwa jiji kiasi cha kwenda na kurudi siku moja, na hilo limesaidia, lakini si sawa na kuishi palepale.

Na Dodoma?

Dodoma nitapita haraka, maana kwa mwanafunzi wa sayansi za uhai haiko kwenye mizani ileile. UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, ilianzishwa mwaka 2007, ikapewa eneo kubwa mno pale Chimwaga na mpango wa kufikisha wanafunzi 40,000. Faida yake ya wazi ni mabweni mengi na majengo mapya. Kwa afya ya binadamu wana Hospitali ya Benjamin Mkapa karibu. Serikali kuhamia Dodoma kumewapa wa utawala, mipango na TEHAMA ofisi za kufanyia fildi. Kutoka Arusha ndiyo karibu zaidi, kama kilomita 430 kupitia Babati na Kondoa, lami tupu tangu barabara hiyo ilipozinduliwa mwaka 2018. Mji ni mkavu, una upepo na vumbi, na kampasi zenyewe ziko mbalimbali kiasi kwamba kutoka koleji moja kwenda nyingine unahitaji usafiri. Kwa aliyepata kozi anayoitaka huko na anahofia malazi, ni chaguo zuri.

Ningemwelekeza nani wapi

Mwenye PCM (fizikia, kemia na hisabati) anayetaka uhandisi wa umeme, ujenzi, mitambo au kompyuta: Mlimani, bila kusita. Mwenye tahasusi za sanaa anayetaka sheria au uchumi: Mlimani tena.

Mwenye PCB (fizikia, kemia na baiolojia) mwenye alama za juu sana anayetaka udaktari wa binadamu hahusiki na mjadala huu. Atazame Muhimbili, ambayo imekuwa chuo kikuu kinachojitegemea tangu 2007, UDOM, na KCMC hapo Moshi. Ila nina ombi kwa huyu. Wengi wanaokosa udaktari huishia kujaza chochote chenye neno "afya" ndani yake. Kabla hujafanya hivyo, soma tena ukurasa wa tiba ya mifugo, lishe na sayansi ya chakula wa SUA. Magonjwa mengi ya binadamu yanatoka kwa wanyama, na ukanda wetu wa wafugaji unahitaji watu wanaoyajua pande zote mbili.

Mwenye CBG au PCB anayependa mimea, mifugo, misitu, udongo: SUA. Hapa sina mizani ya kupima; uzito wote uko Morogoro.

Anayetaka wanyamapori asiruke Mweka. Chuo hicho kiko juu ya Moshi tangu 1963, kinafundisha usimamizi wa wanyamapori kwa vitendo kuliko wengi, na kinatoa shahada pia. SUA ni bora kwa anayetaka utafiti na msingi mpana wa ikolojia; Mweka kwa anayetaka kuwa ndani ya hifadhi mapema.

Anayesitasita kabisa, ambaye hajui anataka nini ila ana alama nzuri, namwelekeza Mlimani, kwa sababu ya upana. Huko atakutana na fani asizowahi kuzisikia. SUA inampa zaidi anayejua anachokitafuta.

Na kwa wote wanaotaka kufika mbali kwenye utafiti, jueni kwamba safari inaweza kuishia Tengeru. Taasisi ya Nelson Mandela inapokea wa shahada ya uzamili na uzamivu tu. Hapo ndipo Dkt. Askwar Hilonga alitengeneza chujio la maji la teknolojia ya nano linalorekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika, likiwamo tatizo la floraidi ambalo meno yetu huku yanalishuhudia, na mwaka 2015 akashinda tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Shahada ya kwanza yenye GPA nzuri kutoka Dar au Morogoro inakufungulia mlango huo.

Kabla ya kuthibitisha

Kiwango cha chini cha TCU ni ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi yenye jumla ya pointi 4.0, lakini kozi nyingi nzuri zinadai zaidi na zinataja masomo yenyewe. Soma kitabu cha mwongozo cha TCU mstari kwa mstari, usitegemee picha za skrini za kwenye magrupu. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, unathibitisha kimoja kwa namba ya siri unayotumiwa kwenye simu, kwa hiyo namba uliyojaza iwe yako, si ya wakala wa duka la steshenari aliyekusaidia kujaza fomu.

Angalia jina la kampasi kwenye barua. UDSM ina vyuo vishiriki Chang'ombe (Dar) na Mkwawa (Iringa), na koleji ya afya Mbeya. SUA ina Kampasi ya Mizengo Pinda kule Katavi. Vyote ni halali na vina faida zake, lakini hesabu ya nauli na malazi niliyoifanya hapa haihusu huko.

Omba mkopo hata kama unadhani hutapata, na aliyefaulu sana masomo ya sayansi aulize kuhusu Ufadhili wa Samia.

Siku ya kwenda, wa Mlimani anashuka Mbezi Luis na kuunganisha daladala, asipande bodaboda na mabegi usiku. Wa SUA atafute basi linalokata Chalinze moja kwa moja hadi Msamvu. Asikubali kupelekwa Dar kwanza ndipo ageuzwe, maana ataongeza nauli na saa nyingi barabarani bila sababu. Ukifika Msamvu mchana unapata daladala za SUA pale pale stendi.